Nilivyopigania firigisi ukweni Kisondela na mkwe mwenzangu wa parachichi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu. Wakuu, ninachoandika hapa hakina chumvi hata punje. Wanaonifahamu huku Rungwe watanitambua kabla hawajamaliza kusoma, nawaomba tu wasinitaje jina.

Mimi na jamaa anaitwa Gwamaka tumeoa nyumba moja, mtu na dada yake. Mimi nina mkubwa, Tusekile, yeye ana mdogo mtu. Ukweni kwetu ni Kisondela.

Sasa baba mkwe ana utaratibu wake. Kuku akiiva, hotpoti inawekwa mbele yake. Anafunua, anaitafuta firigisi kwa kijiko, halafu anamwekea mkwe anayemheshimu zaidi. Hasemi neno. Wote mnaona imetua sahani ya nani.

Miaka ya mwanzo ilitua kwangu.

Nilikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha chai, mshahara kila mwisho wa mwezi, viatu vya ngozi. Gwamaka alikuwa anatoka kwao Kinyala kwa miguu, suruali imekunjwa, tope hadi magotini. Yeye alikuwa anapewa shingo. Nilikuwa namtazama anavyoichokonoa na najisikia raha, siwafichi.

Halafu mambo yakageuka. Kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikawemo. Leo nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa pale Kiwira, mnakaribishwa.

Gwamaka yeye ni mtoto wa kiume pekee kwa baba yake. Akarithi shamba zima, akapanda parachichi za kisasa. Kwetu tulizaliwa wanaume kibao, nikaachiwa kipande ambacho mbuzi akijinyoosha kwato zinafika kwa jirani. Kwa hiyo mnaosema jamaa ana akili kuliko mimi, pimeni kwanza mashamba ya baba zetu.

Siku hizi malori ya wanunuzi yanamfuata hadi mlangoni. Kajenga, kapaua bati la rangi, anaendesha gari jeupe.

Na firigisi ikahama. Mara ya kwanza nilidhani macho ya mzee yameanza kuchoka. Mara ya pili nikaelewa. Shingo ikawa yangu.

Msinicheke wakuu. Kukosa gari nilivumilia. Lakini siku moja tukiwa tunarudi nyumbani, binti yangu Neema akaniuliza, "Baba, kwani siku hizi kwa babu wewe siyo mkubwa tena?" Nikamwambia aangalie utelezi.

Basi Krismasi iliyopita nikaona dawa. Kwa mzee, kuku akiletwa na mgeni, firigisi ni ya mgeni huyo, hata kama ni fukara wa kutupwa.

Nikajibana, nikaenda Tukuyu mjini kwenye duka lenye mafriji, nikachagua kuku mmoja mkubwa, mweupe, kifua kama cha mwanajeshi. Kuku wa kienyeji wa Kisondela wangemwamkia.

Tulifika mvua inanyesha, yaani hali ya kawaida. Tusekile akampeleka kuku jikoni kwa mama yake. Mimi nikajimwaga kwenye kochi. Gwamaka akanisalimia kwa adabu tu, nikamwitikia kama kiongozi aliyekuja kukagua mradi.

Chakula kikaja. Ndizi, magimbi, na hotpoti yenyewe.

Mzee akatangaza, "Kuku huyu kaleta Baba Neema. Ndaga fijo, mkwe."

Nikaipokea asante hiyo ya Kinyakyusa kwa kichwa. Akaingiza kijiko, akazungusha. Akapita paja, akapita kifua. Akaiinamisha hotpoti, akachungulia.

"Firigisi iko wapi?"

Gwamaka akainamia sahani yake, mabega yanatikisika.

Mama mkwe akaitwa. Akaja anafuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti.

"Nani kala firigisi ya mkwe?"

Muelewe kwamba kwa wazee wetu, mwanamke kula firigisi ni kesi.

"Hakuna aliyekula, baba. Huyu kuku amekuja hana."

"Kuku gani hana firigisi? Alikuwa anasagia wapi chakula?"

Tusekile akajibu kutoka mlangoni, "Hawa wa dukani wanatolewa vya ndani kabla hawajagandishwa, baba."

Mzee akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo mkwe umetuletea kuku mtupu."

Wakuu, nilitamani nijifunike na kile kitambaa cha kochi. Baadaye nilimuuliza mke wangu kwa nini hakunitonya, maana alijua tangu jikoni. Akasema alitaka aone tutafanyaje.

Mzee akawa bado haamini. "Semeni ukweli. Huko jikoni mmeonja."

Hapo mama, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, akasema akiwa bado amepiga goti:

"Baba Tusekile, tangu umenioa nakupikia firigisi. Umempa huyu alipokuwa na kazi, umempa yule alipopata parachichi. Mimi hata ladha yake siijui. Leo uzeeni ndiyo nianze kuiba?"

Hakuna aliyecheka.

Mama yule amechuma chai kwenye mashamba ya watu, amebeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni, na wake zetu wote wawili amewasomesha yeye. Mimi nimepanda nikashuka. Gwamaka kapanda. Yeye amebaki palepale jikoni, na sisi tulikuwa tunaila firigisi bila hata kumtazama. Niliona aibu kweli.

Kesho yake mzee alikwenda bandani mwenyewe, akakamata jogoo. Chakula kilipoiva akamwita mama, akamkalisha kwenye kochi katikati yangu mimi na Gwamaka. Akaitafuta firigisi, akamwekea.

Mama akaitafuna. Akatafuna weee, sisi tunamtazama mdomo. Akameza.

"Ndiyo hii?" akauliza. "Mbona ngumu hivi? Nipeni paja."

Nilichojifunza ni kwamba kabla sijalia kuwa nimeshushwa, niangalie kwanza nani hajawahi kupandishwa.

Haya, uwanja wenu. Kwenu firigisi anakula nani? Ila kabla hujajibu, nenda kaulize jikoni.