Migomba Isiyozaa ya Eulalie

Kama wewe ni mutu wa kuamini tu kile ulichoshika mukononi, funga karatasi hii sasa hivi, nenda ukakaange sambaza zako, vile visamaki vya ziwani. Habari ya Eulalie wa Nguba haiaminiki. Padri aliyeisikia kwenye kiti cha maungamo alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kutoa kitubio. Usiniulize nani alimusikia padri akicheka. Kaa chini.

Eulalie ni mwanamuke mufupi, mubishi, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu cha askari. Mume wake alikwenda kutafuta zahabu Shabunda, na Shabunda haikumurudisha. Watoto wameoa, wameolewa, kila mutu na sufuria yake. Yeye akabaki na kipande cha udongo chini kabisa ya Nguba, pale mulima unapochoka na kuingiza miguu ziwani, nyuma ya ukuta wa nyumba za wakubwa. Humo analima shu, zile wengine wanaziita kabichi, na karoti, na selari, na zaidi ya yote pwaro, ile mboga ya shina jeupe na harufu ya kitunguu ambayo hakuna mupishi wa Ibanda anayeweza kuanza mchuzi bila yake.

Udongo si wake. Ni wa Muzee Ignace wa Mudaka, na Eulalie anaushika kwa bwasa. Bwasa ni neno la Bushi, nchi ya Washi, na ni kitu rahisi: mimi nina shamba, wewe una mikono, ulime musimu mpaka musimu, uniletee debe la maharagi na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, na siku kadhaa uje kunilimia kwangu. Lakini bwasa ina sheria moja ambayo hata mutoto anayenyonya anaijua: panda kinachovunwa kikaisha. Usipande mugomba. Mugomba unazaa mutoto, mutoto anazaa mutoto, na aliyepanda mugomba amesema mbele ya watu wote kwamba shamba ni lake, la mwanaye na la mujukuu wake. Kwa mugomba mumoja, kule Kabare watu wamefunguana vichwa.

Sasa sikia habari ya hewa ya pale ziwani, maana ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Ina tabia ya mulevi. Asubuhi inakukumbatia na jua. Saa nne inakufunika na ukungu wa baridi mpaka unatafuta koti. Saa sita upepo unavuka maji, unakuja mbio kama mutu aliyetukanwa, na kabla hujafunga mudomo, kofi. Na kofi lenyewe ni mvua ya mawe.

Mwaka wa kwanza ilimukuta Eulalie na shu mia mbili zimekaza vichwa, za kukata kesho yake. Dakika kumi tu. Mawe yalishuka yakapasua, yakachana, yakatwanga. Yalipokwisha, shamba lilikuwa kama sehemu ambapo jeshi zima limepita na mapanga: vichwa vimepasuliwa, majani yamekanyagwa ndani ya matope, maji ya kijani yanatiririka ziwani kama damu ya mboga. Mwaka wa pili ilimukuta kwenye pepinyeri, pale anapoziotesha pwaro zingali nyembamba kama nywele. Hakukimbia. Alijilaza juu ya miche, kifudifudi, mugongo juu, mikono imetandazwa kama mutu anayemukinga mwanaye na fimbo. Mawe yakamupiga kwa zamu. Wiki mbili hakulala chali, mugongo wake ulikuwa mweusi, wa zambarau na wa njano, kama embe lililoanguka kwenye mawe. Na bado robo tatu ya miche ilikufa.

Jirani yake Bintu, mulimaji wa lengalenga, ule mchicha wa kwetu, hakupoteza kitu. Lengalenga yake ilikuwa chini ya migomba, na migomba ile ni ya Bintu, kwa udongo wa Bintu. Eulalie aliiangalia siku nzima. Kesho yake alifika na vichipukizi kumi na viwili vya mugomba kichwani, akavipanga kwa musitari upande wa upepo.

Bintu aliacha jembe lake.

"Maman Eulalie, weye unatafuta kifo? Migomba mu bwasa?"

"Itazaa?"

"Mugomba gani haizai?"

"Hii. Miye nitakata kila ua mbele ifunguke. Mugomba isiyozaa haiko mugomba, Bintu. Iko ukuta."

"Ukuta! Utaenda kumwambia Muzee Ignace kama ukuta iko na majani?"

"Atakuya lini? Magoti yake haimubebe tena."

Akafanya kweli. Migomba ilikua, ikafika mwaka na miezi, na kila ua lilipochungulia katikati ya majani, lile ua jekundu lililokunjwa kama ngumi ya mutoto muchanga, Eulalie alipanda juu ya ndoo na kulikata kwa kisu. Kwa Mushi kukata ua la mugomba kabla ya mukungu ni kama kukaba mutoto kitandani. Yeye mwenyewe mara ya kwanza alifanya alama ya musalaba kabla ya kukata. Mara ya tano hakuifanya tena. Maua aliwapa mbuzi wa jirani. Na pwaro, nyuma ya ukuta ule, zilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu aje ziwani, aliona matuta sita ya pwaro yakifika unene wa kuuzwa.

Lakini maneno yana magoti mazima kuliko Muzee Ignace. Yalipanda mpaka Mudaka peke yake, na njiani yakaangusha kipande. Yalifika hivi: "Eulalie amepanda migomba kumi na miwili kwenye shamba lako." Habari ya kisu na maua ilibaki njiani.

Muzee alimutuma mwanaye Hugues. Hugues ana shingo ya ng'ombe na akili ya haraka, yaani inafika mbele yake mwenyewe. Alikuja siku ya ijumaa, kabla ya adhuhuri, na binamu wawili nyuma, kila mumoja na panga.

Eulalie alikuwa ananywesha selari na arozwari yake, ile ndoo ya bati ya kunyunyizia maji, kubwa, nzito, imejaa.

"Maman," Hugues akasema, "hii shamba iko ya nani?"

"Ya papa yako. Jambo, Hugues. Siku ya mwisho nilikuona kaptula yako haikukuwa na kifungo."

Binamu wakacheka. Hugues hakucheka.

"Na hii migomba?"

"Ya upepo."

"Mugomba inasema, maman. Inasema: miye niko hapa na sitoke. Weye unangoja papa akufe, kisha useme shamba iko ya kwako."

"Inua macho! Mukungu iko wapi? Nionyeshe mukungu moja tu!"

"Nilikuya kukata. Sikukuya kuangalia."

Panga likaingia kwenye shina la kwanza. Mugomba hauna mti ndani, una maji. Unakatika na sauti ya mutu anayepigwa tumboni. Wa kwanza ukaanguka, wa pili, wa tatu. Eulalie alisimama, taya imekaza. Alijua kosa lake, na mwenye kosa hupunguza sauti. Lakini wa nne uliangukia upande wa ndani, na uzito wake wote, juu ya matuta ya pwaro. Akasikia mashina meupe yakivunjika chini yake, moja baada ya lingine, kama meno.

Hapo akasahau kosa. Alizungusha arozwari kwa mikono miwili, na maji yake yote, akamupiga nayo Hugues kwenye sikio. Bati likalia kama kengele ya misa ya kwanza. Hugues aliyumba, damu ikatoka, na kwa ile akili yake ya haraka akarudisha panga bila kufikiri. Mungu anasaidia hata wajinga: liligeuka likapiga kwa mugongo, si kwa makali. Lakini lilipiga mukono wa kushoto, chini ya kiwiko, na mufupa ukalia kama kuni kavu. Binamu mumoja alimushika Eulalie kiuno. Alipata kichwa cha Eulalie kwenye pua. Wa pili alipata kisigino mahali ambapo sitapaandika, mukristu anaweza kuwa anasoma. Kisha migomba ikaendelea kuanguka, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, Hugues anakata kwa hasira, huku akilia na kutukana, na Bintu anashuka mulimani na jembe akipiga yowe.

Hakuna hata mumoja aliyeangalia ziwani.

Upepo ulifika kwanza. Kisha giza la mchana, lile la rangi ya risasi. Kisha jiwe moja, tak, juu ya arozwari iliyolala chini. Kila mutu alisimama kama amepigwa picha. Halafu mbingu ikamwaga.

Binamu walikimbia bila kuaga, mikono juu ya vichwa. Bintu na Eulalie walirukia chini ya migomba minne iliyobaki, wakabanana shina kwa shina. Hugues akawafuata binamu zake, akakanyaga mugomba alioukata mwenyewe. Utomvu wa mugomba unateleza kuliko sabuni. Miguu ikaenda juu, kisogo kikaenda chini, kwenye jiwe la mupaka. Akalala katikati ya pwaro, macho yamefunguka nusu, na mawe yanamupiga usoni, kifuani, mudomoni, hajitetei tena.

"Akufe," Bintu akasema. "Alivunja mukono yako. Akufe tu."

Eulalie alimuangalia Hugues. Damu ya sikio ilikuwa inachanganyika na barafu.

"Akufe hapa? Juu ya pwaro zangu?" akasema. "Bintu, kama mutoto ya Ignace anakufa humu, miye shamba sitaiona tena mpaka kiyama."

Usidhani ni moyo mwema ulimutoa. Ni udongo. Alitoka mbio, mukono uliovunjika umebanwa tumboni, akamushika Hugues kwenye kola kwa ule muzima, akavuta. Mwanaume muzito, matope yanamunyonya. Jiwe moja lilimupasua Eulalie juu ya nyusi, damu ikamufunga jicho moja. Lingine likamupiga kwenye mukono uliovunjika, akapiga kelele kwa Mashi, lugha ya kwao, maneno ambayo hayana tafsiri ya kanisani. Akavuta. Bintu aliona aibu, akatoka naye, wakavuta wawili. Wakamuingiza chini ya majani, wakamukalia ubavuni kama gunia. Juu yao majani yalichanika nyuzi nyuzi, lakini ile minne ilishika.

Ilipoacha, Hugues alifungua macho akiwa chali. Alikuwa anaangalia moja kwa moja juu, penye moyo wa mugomba. Aliangalia sana. Pale ua linapopaswa kutoka palikuwa na kovu la kisu, limekauka jeusi. Akageuza kichwa, akaangalia wa pili. Kovu. Wa tatu. Kovu.

"Maman. Nani alikata?"

"Miye."

"Yote?"

"Tangu ya kwanza."

Hugues alijiinua, akaegemeza mugongo kwenye shina.

"Sasa papa atakuya mwenyewe," akasema. "Hii haiko mambo ya mutu wa kutumwa."

Muzee Ignace alishuka jumapili baada ya misa, juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge mugongoni mwa dereva ili asianguke. Nusu ya Nguba walikuwa wamejaa juu ya ukuta. Eulalie alikuwa na mukono kwenye mbao, Hugues kichwa kimezungushiwa bandeji kama mufalme wa Betlehemu. Kama muzee angesema neno moja tu, Eulalie angepanda mulima ule na jembe lake na asirudi. Alijua.

Muzee alipita kwenye kila kigogo kilichokatwa, akakipapasa kwa kidole gumba. Alipofika kwenye ile minne, akataka kisu cha Eulalie, akakiangalia, akakirudisha.

"Eulalie. Ulivunja sheria?"

"Niliivunja, papa."

"Hapana. Ulivunja nusu. Mugomba bila mukungu haiwezi kudai shamba. Lakini mutu anapita kwenye njia haoni kisu yako. Anaona majani. Na majani inasema."

Akachukua panga la mwanaye, akakata minne yote mwenyewe. Mapigo matano, sita, kwa kila mumoja, mikono ya uzee, anapumua kama mutu anayepanda ngazi. Hakuna aliyethubutu kumusaidia. Eulalie hakulia mukono ulipovunjika. Siku hiyo alilia, kwa sababu ile minne ndiyo iliyosimama.

Kisha muzee akageuka, akainua fimbo yake ya kutembelea, akamupiga Hugues mara tatu mbele ya watu, mabegani, si kwa utani.

"Mutu wa bwasa anatolewa kwa mudomo," akasema. "Haitolewe kwa panga. Ulivunja mukono ya mulimaji, basi mukono yako ndiyo italima. Utang'oa mizizi ya migomba yote kumi na mbili. Halafu utaleta matete toka Mudaka, utapanda pale upande ya upepo. Matete haidai kitu kwa mutu. Na huyu mama anabaki."

Hugues alichimba siku nne, na kila siku Eulalie alikaa juu ya ndoo akimuonyesha kwa kidole pale alipoacha muzizi. "Chini, mutoto yangu. Chini zaidi. Panga ilikuwa haraka, kwa nini jembe inachelewa?"

Matete yalishika. Mwezi wa tatu mvua ya mawe ikarudi na hasira ya mwaka muzima, na Eulalie akasimama nyuma ya matete na mukono wake uliounga kombo, akaiangalia ikichapa, ikichana, ikiishiwa nguvu. Matuta sita yakatoka mazima. Na pwaro zenyewe, ndugu yangu, nene namna ziwa hili halijaona, moja ilikuwa kama paja la askari, wakaja wanaume wanne kuibeba mpaka soko la Nyawera, na wa tano alitembea nyuma ameshikilia mizizi ili isi…

"Banaume bane?" Ni Eulalie mwenyewe, amekuja na jembe kuchungulia karatasi hii juu ya bega langu. "Tonton Philémon, futa! Ile pwaro ilikuwa kama kidole gumba, na niliibeba miye, mukono moja, na huyo wa tano ilikuwa ni weye, ulikuwa unafuata nyuma ukiomba nyingine ya bure ya ku…"

Karatasi imekwisha.