Jina la Mchapaji

Nani alichapa karatasi ile? Niliuliza swali hilo mbele ya wasomi wa sheria wapatao ishirini, katika hoteli moja ya Nakuru, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Wao pia hawakuwa nalo, ingawa kazi yao ilikuwa kujua mambo ya namna hiyo.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala na shahada ambayo hakuna mtu Nakuru aliyejua aifanyie nini, basi nikaajiriwa kwa siku mbili kupiga taipu kumbukumbu za mkutano wa mwaka wa chama cha walimu wa sheria ya magazeti. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Wao walikuja na wake zao, kofia za jua, na hotuba ndefu kuhusu uhuru wa kuchapa, katika nchi ambayo magazeti ya lugha zetu yalikuwa yamefungwa karibu yote. Hilo halikutajwa. Mmoja alizungumza saa nzima juu ya mfalme fulani wa Uingereza aliyechukia vijitabu, kwa uchungu kana kwamba mfalme huyo alimchomea yeye nyumba. Wakampigia makofi, wakaenda kunywa chai.

Katika mkoba wangu nilikuwa na barua ya mjomba. Yeye alikuwa mchapaji katika mtaa wa Bondeni, mwenye mashine moja ya kukanyaga kwa mguu na masanduku ya herufi za madini ya risasi. Miezi michache kabla, alikuwa amechapa karatasi ya ibada ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisa. Jamaa za marehemu walitaka majina yote yaingie: watoto, wajukuu, wakwe, na mashemeji hadi wa Naivasha. Ukimwacha shemeji mmoja nje ya karatasi ya mazishi, umeanzisha vita vya miaka kumi. Nafasi ikaisha. Mjomba akaondoa mstari mmoja tu usiokuwa na shemeji ndani yake, ule wa chini kabisa, wenye jina na anwani ya mchapaji. Sheria ilidai mstari huo katika kila karatasi. Polisi wakaja wakabeba mashine na herufi zote.

Barua iliuliza jambo moja: je, kuna njia yoyote ya kisheria ya kurudishiwa mashine?

"Wape tu," mjomba aliniambia aliponikabidhi. "Hawa ndio wanaofundisha mahakimu. Wakisema neno moja, nitalipeleka kwa D.C."

"Mjomba, hawa hawasemi neno moja. Wanasema elfu."

"Basi katika hayo elfu, moja litakuwa langu."

Katibu wa chama aliipokea barua kwa ncha za vidole. Desturi yao, alinieleza, ilikuwa kwamba swali la asiye mwanachama husomwa mwisho, baada ya mipango ya mwaka ujao. Mipango hiyo ilichukua alasiri nzima ya siku ya pili. Walibishana kama mkutano ujao uwe Nairobi au Naivasha, kwa sababu Naivasha kuna mashua na wake zao wangefurahi. Walibishana kama chama kiwe na tai yake, na rangi gani. Nilipiga taipu yote hayo, rangi ya kijani kibichi, rangi ya damu ya mzee, nikijiuliza kama nilisoma usiku na mchana kwa ajili ya tai.

Barua ilisomwa wakati watu wakifunga mikoba.

"Liko wazi," alisema mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya mahubiri. "Karatasi isiyo na jina la mchapaji ni kosa. Pole kwa mzee."

Mmoja akacheka, "Angemwondoa shemeji!"

Wakacheka wote. Nikasimama na ratiba yao mkononi, ile nzuri yenye mapambo pembeni, waliyogawiwa mlangoni.

"Na hii, bwana mwenyekiti, imechapwa na nani?"

Wakageuza ratiba zao. Wakatazama chini, wakatazama nyuma. Hakukuwa na jina. Katibu akawa mwekundu, akasema alimwachia kazi hiyo karani wa mnada mjini, hajui karani aliipeleka wapi.

"Binti," mwenyekiti akasema polepole, "swali hilo usiliandike."

Kisha wakapata uamuzi waliokuwa wakiutafuta alasiri nzima. Mada ya mwaka ujao ingekuwa jina la mchapaji, sheria na mazoea. Barua ya mjomba ingengojea mpaka hapo. Walifurahi kwelikweli. Walikuwa wamevunja sheria ileile iliyomnyang'anya mjomba kazi yake, na wao wakapata mada.

Nilifika Bondeni jua halijatua. Mjomba alikuwa ameketi katika chumba kitupu, mahali palipokuwa na mashine.

"Sasa, wamesemaje?"

"Mwaka ujao."

Nikamtupia ratiba, nikamweleza, nikiwatukana mmoja mmoja. Aliisogeza karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi, muda mrefu.

"Niachie hii," alisema.

Nikadhani ameipenda kwa mapambo yake, na nikamdharau kidogo na yeye. Hakuandika barua nyingine. Aliuza viazi sokoni hadi uzee wake.

Alipokufa, miaka mingi baada ya uhuru, nilifungua Biblia yake nikazikuta karatasi mbili zimekunjwa pamoja, ile ya mazishi na ile ratiba. Katika zote mbili R kubwa ya kichwa cha karatasi ilikuwa imevunjika mguu, mahali palepale. Mashine ya mjomba na herufi zake zilikuwa zimeshauzwa kwenye mnada kabla wasomi hawajafika Nakuru. Chini ya ratiba, mahali palipokuwa wazi, mjomba alikuwa ameandika kwa penseli jina lake kamili, na Bondeni, Nakuru.