Mshona kofia wa Ibra aliyeonyesha upande wa ndani

Hiyo kofia unayoivaa Ijumaa, au anayoivaa mzee wako hapo nyumbani, umewahi kuipindua ukaitazama kwa ndani?

Katika soko la Jumatano la Ibra, mji wa Oman, soko la wanawake pekee ambako wanaume husubiri nje ndani ya magari, hakuna anayenunua kofia bila kuipindua kwanza. Kwa nje yanaonekana maua. Kwa ndani inaonekana kama mshonaji alivuta uzi sawasawa au alilipualipua.

Ni saa mbili asubuhi. Saliha Khalaf, mwenye umri wa miaka 43, amekaa mkekani, miguu ameikunja upande mmoja, kikapu cha nyuzi kimemlalia mapajani. Kofia nane za viua amezivika juu ya mabakuli yaliyofudikizwa ili zisipoteze umbo. Pembeni yake mama yake, Bimdogo, mwenye miaka 76, anazipapasa moja moja kwa ncha za vidole, kwa kuwa macho yake sasa yanaona vivuli tu.

Chini kabisa ya kikapu, ndani ya mfuko wa plastiki, mna karatasi mbili. Moja ni cheti cha darasa la kumi na mbili, la mwisho la skuli, hakijatimiza hata wiki. Ya pili ni fomu ya chuo. Imejazwa yote, isipokuwa mstari mmoja: fani anayoitaka. Mwisho wa kuirudisha ni kesho, Alhamisi.

"Mwanafunzi, nipunguzie hiyo nyeupe," anamtania Ghanima, muuza udi wa mkeka wa pili, ambaye wazee wake, kama Bimdogo, walirudi kutoka Unguja.

"Imepanda hiyo. Imeshonwa na msomi," anajibu Saliha bila ya kuinua uso.

Saliha aliacha skuli mwaka 1999, akiwa darasa la kumi na moja. Baba yake alikuwa amefariki, na Bimdogo, aliyekuja Oman kutoka Unguja akiwa mwari wa miaka ya ishirini, ndiye aliyewalisha watoto kwa sindano. Kisha macho ya Bimdogo yakaanza kuingia ukungu. Kiua kimoja kikikaa upande, kofia nzima hukataliwa.

"Asubuhi moja alinivua mkoba wa skuli begani, akanipa kitambaa," anakumbuka Saliha. "Nikakaa mkekani, nikatunga uzi."

Tangu siku hiyo ameshona miaka 26. Kofia moja nzuri humchukua wiki tano, na akipata mnunuzi mwelewa huiuza rial arobaini.

Miaka mitatu iliyopita, idara ya elimu ya mkoa na chuo kimoja cha hapo mjini walikubaliana kuwatafuta watu kama yeye. Idara ilifungua madaftari ya zamani ya skuli, ikatoa majina ya walioishia darasa la kumi na moja na la kumi na mbili. Chuo kikatoa madarasa yake saa za alasiri, na walimu wake wakakubali kufundisha. Anayefaulu hupata cheti cha serikali, na nafasi chuoni anawekewa.

Mwanzoni mambo hayakwenda. Wanawake tisa wa sokoni walijiandikisha, na kila Jumatano viti tisa vilikuwa vitupu. Abeer, mwalimu wa hesabu anayesimamia mpango huo, alidhani wamechoka. Akaja mwenyewe kuwatafuta. Alipoona soko lilivyofurika, alirudi chuoni akahamisha masomo ya Jumatano yakawa Jumapili.

"Na kofia akanunua siku hiyo," anasema Saliha. "Aliivaa kichwani bila ya kuipindua. Ghanima alicheka mpaka akamwaga ubani."

Darasani, Abeer aligundua jambo. Alimwuliza Saliha: kichwa cha sentimita hamsini na saba, na kila ua pamoja na nafasi yake ni sentimita tatu, maua mangapi yatazunguka?

"Kumi na tisa," alijibu Saliha, kabla Abeer hajafunika kalamu yake. "Na ukitaka kumi na nane, mwalimu, nitakupanulia nafasi kidogo kidogo, wala hutojua."

Kwa hiyo mwaka jana, matokeo yalipotoka, hakuna aliyeamini. Masomo mengine yote alifaulu. Hesabu alipata 47, na kufaulu ni 50.

Abeer aliomba karatasi ipitiwe upya. Jibu likarudi kwamba majibu karibu yote yalikuwa sahihi, lakini njia hazikuandikwa. Saliha alikuwa amekokotoa kichwani, kama anavyogawa viua, akaandika jibu peke yake kila swali. Wenye kusahihisha hawakuwa na pa kumpa alama.

Alibakiwa na nafasi moja ya kurudia. Akikosa hiyo, jina linatoka katika mpango.

"Nilimwambia Mama khalas, basi. Nimeshazeeka kwa mambo haya."

Bimdogo, ambaye hajui kusoma wala kuandika, alikuwa na kofia mkononi. Mazungumzo ya siku ile wote wawili wanayakumbuka neno kwa neno.

"Anayekuja kununua, hutazama wapi?" aliuliza Bimdogo.

"Ndani."

"Kwa nini? Si maua yako nje?"

"Anataka kuona kama nimeshona mwenyewe, na nimeshona vipi."

"Basi na huyo wa mtihani mnunuzi. Weye umempa kofia umeikamata kwa mikono miwili, hutaki aipindue. Mpindulie aone, mwanangu."

Kwa miezi minane Saliha alijifunza kuandika kile ambacho mkono wake ulikijua siku zote. Swali moja, mistari sita. Kila mstari aliusoma kwa sauti, na Bimdogo alikaa karibu akiuliza, "Hapo umefikaje?" Asipojibiwa vizuri, alimwambia afumue aanze upya.

Ujumbe wa matokeo uliingia kwenye simu Saliha akikuna nazi. Hesabu: 91.

"Niliizima simu nikaiwasha tena, nikidhani ni ya mtu mwingine," anasema. "Mama akapiga kigelegele. Majirani wakaja mbio, wakiuliza nani kaposwa."

Katika kundi lao la watu 31, waliofaulu ni 26. Wanawake tisa wa sokoni wamo wote.

Saa nne Abeer anaingia sokoni, anapita katikati ya mikeka, anachuchumaa mbele ya Saliha. Kofia ya kwanza anayoigusa anaipindua. Ghanima anamwambia, "Masha Allah, umehitimu na wewe."

"Bi Saliha, fomu yangu?"

"Bado ule mstari mmoja."

Abeer anamwangalia. Miaka miwili amekuwa akimwuliza anasomea nini, na miaka miwili jibu ni moja: kumaliza tu.

"Andika chochote, mwalimu. Uhasibu, ukarani, utakalo wewe."

Bimdogo anaiweka kofia bakulini. Anaigeuza sura yake kule sauti ya binti yake iliko.

"Siku ile nilipokuvua mkoba sikukuuliza," anasema. "Nakuuliza leo, mbele za watu. Ulikuwa ukitaka nini, Saliha?"

Ghanima ameacha kupima udi. Saliha anaichomeka sindano kwenye kitambaa, anaitoa fomu mfukoni, anainyoosha juu ya goti na kuishika kalamu.

"Nilikuwa nataka uniulize, Mama," anasema. "Ningekwambia nataka kusomesha hesabu. Na mpaka leo nataka."