Nilimfundisha binti wa Tingi kumwomba mchumba wake wakapime, nikamponza

Wakuu, habari za humu ndani. Leo naleta kisa changu mwenyewe, chumvi sijatia, na asiyeamini aendelee na nyuzi za mpira.

Ni miaka ya tisini, ruksa ya biashara imeshakolea. Mitumba kila kona, na pale Tingi, Kilwa, likafunguliwa banda la video. Mimi nimemaliza form four, kazi sina. Ukapita mradi unatafuta vijana wa kuwafundisha wenzao mambo ya ukimwi na mahusiano. Wakatupa semina Lindi mjini, chai na sambusa, nikarudi mtaalamu.

Darasa langu lilikuwa ghala la ushirika, limebaki tupu tangu ushirika ufe. Vifaa: mabango, boksi la kondomu, na mfano wa kiungo cha mwanaume, wa mti, wa kuonyeshea namna ya kuivaa.

Huo mfano kachonga fundi mmoja wa Kimakonde, na kwa kupenda sifa akautia nakshi hadi chini. Nikiutoa tu kwenye mfuko, darasa hoi kwa kicheko, kipindi kinaishia hapo.

Wanafunzi wenyewe watu wazima wa miaka ishirini na kitu, wengi wanasubiri video ianze.

Aliyenisikiliza kweli ni Asha, fundi cherehani. Alikuwa kachumbiwa na Salum, jamaa aliyerudi kutoka Dar na miwani ya jua anayoivaa hadi ndani ya nyumba. Asha alitaka wakapime kabla ya ndoa, akaniuliza amwambieje.

Nikamjibu kama tulivyokaririshwa semina: mkae wawili, faragha, uongee naye kwa upole.

Wakuu, nilimponza mtoto wa watu.

Salum alimsikiliza, kisha akamtukana matusi yote anayoyajua. Kwake yeye, mwanamke anayetaja kupima lazima anajijua. Jioni ile ile akatangaza kijiweni kwamba uchumba umevunjika kwa sababu Asha ana "umeme". Wadogo zetu, ndivyo tulivyouita ukimwi enzi hizo.

Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo havijashonwa. Mama yake akaona aibu kwenda kisimani. Na mimi nikaambiwa ndiye niliyempa! Niliumia kwa ajili ya yule binti, na sitaficha, niliogopa pia. Nikawa napita vichochoroni.

Ikaja hitima ya babu yake Salum; hitima haikwepeki, nikaenda, nikapangwa sinia moja na Salum mwenyewe. Wanaume tumekaa uani kwenye mikeka, dua imekwisha, masinia yanashushwa. Mara Chausiku huyo, kaingia upande wetu bila hata hodi.

Chausiku ni mtoto wa shangazi yake Salum. Wa kwetu mmeshaelewa: binamu, yaani mtani. Ana haki ya kukwambia lolote mbele ya yeyote, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu.

Akalinyanyua sinia la pilau lililokuwa mbele ya Salum, akakaa nalo mapajani.

"Binamu, leo huli."

"Chausiku, acha utani, weka chakula."

"Utani ndio ulionileta. Asha umempima kwa macho, tena na hiyo miwani yako. Wewe umepimwa na nani? Huko Dar ulikuwa unalala msikitini?"

Uani watu mbavu hawana. Shehe mwenyewe alijifunika leso usoni, mabega yanacheza. Salum akajichekesha huku jasho linamtoka.

"Nenda hospitali," Chausiku akasema. "Ukirudi na jibu nitakupikia mwenyewe. Usipokwenda, kila hitima na kila harusi utanikuta."

Akaondoka na sinia. Na sisi tuliokuwa sinia moja na Salum tukalala njaa kwa dhambi zake.

Jamaa akaenda. Asha naye akaenda na mama yake. Majibu siku hizo yalichelewa, na Salum alikonda kwa woga hadi watu wakasema kumbe ni kweli. Yakatoka: wote wazima. Salum akazunguka na karatasi yake kijiwe hadi kijiwe.

Mimi furaha tele. Nikaanza kupanga ripoti ya mradi kichwani, jinsi utani unavyookoa watu.

Salum akatuma wazee kwa kina Asha kuomba msamaha na kurudisha uchumba. Mama yake Asha akataka "mwalimu" niwepo, nikavaa shati la semina. Wanawake jikoni wameshajiandaa kwa vigelegele.

Asha akatoka, akawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba.

"Wazee wangu, msamaha nimeupokea," akasema. "Ndoa hapana. Mimi nilimwambia tukiwa wawili, kwa upole, akanitukana. Kaambiwa na Chausiku mbele ya ukoo ndipo akasikia. Nikiwa ndani ya nyumba yake nina jambo, Chausiku nitamwita mara ngapi?"

Wazee wakaaga. Mama yake Asha akawasindikiza hadi njiani.

Nilichojifunza: nilihangaika na mabango na kondomu, na hayo ni muhimu, msiyaache. Ila sikuwahi kumwambia binti yeyote kwamba mwanaume anaweza kupima akakutwa mzima na bado asifae kuwa mume.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nyie wadogo zenu mnawafundisha nini? Na wale wa "angemvumilia tu", semeni pia, ila mkumbuke mabinti zenu nao wanasoma humu.