Chewa Aliyemeza Nyota

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Msambweni, bendera yetu ikiwa bado mpya mlingotini, mwalimu mkuu alinipa chaki na onyo: nisisomeshe nisichokijua. Nililishika. Lakini habari za nyota, wallahi, zilikuwa zikinichukua nikajisahau mbele ya darasa.

Baadaye nilihamishiwa Shimoni, na huko redio ikaniletea habari za shimo jeusi. Nikawaeleza darasa la saba: nyota kubwa ikiishiwa na moto wake hujiangukia yenyewe kwa uzito, ikajikaza hata mvuto wake, yaani nguvu ile iangushayo nazi chini, ukawa hauachilii kitu, hata nuru. Mimi mwenyewe nilikuwa kama niotaye.

Kesho yake watoto wakaja na madebe na masufuria. Kwetu mwezi ukipatwa husemwa umemezwa na chewa, samaki yule mwenye kinywa kama mlango, na watu hupiga madebe mpaka autapike. Basi wakaona nyota nayo ipiganiwe. Shule ikawa ngoma tupu! Mwalimu mkuu wa huko alifoka. Mimi nilicheka hadi machozi.

Adhuhuri kicheko kikanikauka. Alikuja Mzee Hamisi, mvuvi, kumtoa shuleni bintiye Mwanasha, niliyekuwa nikimtayarisha kwa mtihani wa kwenda sekondari Mombasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi.

"Mwalimu, hilo shimo lako, kiingiacho hakitoki?"

"Hakitoki, mzee."

"Na hiyo shule ya Mombasa?"

Hapo nikamfahamu. Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto mwingine hana. Nikamwambia nilichokijua: shimo jeusi halimezi kila kitu; kilicho mbali hulizunguka tu, kama dunia na jua. Na vumbi liangukalo humo huwaka sana kabla ya kutoweka, ndipo watu wakajua kuwa shimo lipo. Ama kurudi kwa Mwanasha, nikamwambia wazi kwamba siwezi kumuahidi.

Akainuka, akaondoka. Asubuhi Mwanasha alikuwa dawatini.

Sasa nimestaafu, niko Matuga. Wataalamu wasema katikati ya kundi letu la nyota mna shimo jeusi kubwa mno, nasi sote twalizunguka polepole. Huwa nalifikiri hilo mpaka kahawa ikanipolea mkononi.

Mwanasha ni daktari ng'ambo, ameolewa huko, huja mara mojamoja. Juzi nilikwenda kumjulia hali babake, macho yake hayaoni tena. Nikamuuliza kama ananilaumu.

"Hakurudi, Mwalimu," akasema. "Na lau angekuwa mdogo tena leo, ningempeleka."