Mpwa wangu na simu ya bwerere

Leo nimenunua simu iliyotoka juzi, hapahapa Deira, Dubai!

Haya, naongopa. Aliyenunua ni mpwa wangu Salim, aliyekuja kutoka Uingereza kutufundisha maisha.

“Mjomba, kwetu hii ni ghali balaa. Hapa bwerere!”

Nikamwambia, uliza kwanza kama itashika mtandao wa kwenu.

“Mjomba, simu ni simu.”

Msomi huyo. Akalipa, akachana nailoni huku akijirekodi, marafiki wamwonee wivu. Ile ya zamani akanitupia: “Chukua takataka hiyo.”

Ndipo akauliza. Muuzaji hata kichwa hakuinua.

“Hii ni ya soko la China, bosi. London itashika. Vijijini, sidhani.”

Na Salim anakaa wapi? Shambani, na kondoo! Mkewe anakaribia kujifungua.

“Basi nirudishie pesa.”

“Umeshachana nailoni. Khalas, imekwisha.”

Sasa bwana mkubwa anaililia takataka yake. Nimempa, kwa ajili ya mkewe tu.

Nawe Juma wa kargo unayenisikiliza, Ijumaa nilikulindia duka lako la mizigo. Simu yangu haina salio. Niazime simu nimpigie dada yangu Mombasa, mamake Salim, nimwambie alichozaa.