Korongo Pembeni mwa Mbuga

Daktari alimweleza baba yangu taratibu, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti, kwamba presha ya macho ikishakula haitapiki. Dawa ingechelewesha tu. Baba akauliza ingechelewesha kwa muda gani, daktari akasema inategemea. Tulirudi Buhongwa, hapa Mwanza, ninakoishi na kufanyia kazi, na mlangoni baba akasimama.

"Nilitaka niuone msitu mara moja tena," alisema.

Kabla ya kuhamia Mwanza alikuwa akirina asali katika misitu ya magharibi mwa ziwa. Mimi nilipita huko miaka michache iliyopita. Kuna mahindi, visiki, na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara. Hilo sikumwambia. Nilimwambia nitamdarizia.

Mimi ni fundi cherehani. Kudarizi nilijifunza mwenyewe kutoka kwenye kijitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine ya mtumba. Unatoa mguu wa mashine, unashusha meno yanayosukuma kitambaa, unakaza kitambaa ndani ya fremu ya duara. Baada ya hapo sindano inapiga pale pale na mikono yako ndiyo inayochora. Wateja wangu hutaka maua na njiwa kwa ajili ya vitambaa vya makochi. Msitu sikuwahi kuombwa, kwa hiyo nilikaa na baba asubuhi tatu nikiwa na daftari.

Alinitajia mininga, nikauliza rangi ya magome. Alinitajia mizinga ya magogo, nikauliza inaning'inia au inalazwa. Kanga, ngiri na watoto wake, nyasi za mbugani zilivyo baada ya moto. Nikaandika yote.

"Na korongo usimsahau," alisema. "Anasimama pembeni mwa mbuga, kimya, shingo juu, anakuangalia. Wewe uko mtini, mkono umo ndani ya mzinga, na yeye anakufanya usahau nyuki."

Nikaandika: korongo, pembeni mwa mbuga, shingo juu.

Mimi nimekulia ziwani. Korongo ninayemjua ana miguu mirefu na husubiri utumbo wa samaki mwaloni, mitumbwi inaposhushia. Hata hivyo nimezoea kuhakikisha, nikafungua kamusi. Korongo: ndege mkubwa mwenye miguu na shingo ndefu. Maelezo hayo yaliishia mwisho wa ukurasa. Nikafunga kamusi nikatafuta picha ya ndege huyo katika kitabu cha shule.

Kazi ilichukua miezi miwili, kwa sababu niliifanya kati ya sare za shule na mapazia ya watu. Baba alikaa karibu na mashine akisikiliza. Wakati huo alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kila wiki bomba lilizidi kuwa jembamba. Ndege nilimweka mwisho. Nilimpiga nyuzi nyeupe na za kijivu tabaka tatu ili ainuke juu ya kitambaa, na nikiri kwamba nilimpenda kuliko kitu kingine chochote pale.

Baba alikipokea kitambaa akaenda nacho dirishani. Hakuweza kukiona chote kwa pamoja. Alikisogeza mbele ya macho kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

"Mninga huu. Sawa. Mzinga, sawa. Ngiri umemnenepesha." Akaendelea. "Korongo yuko wapi?"

"Umefika kwake, baba. Huyo hapo."

"Huyu ndege."

"Ndiyo. Korongo."

Alinigeukia, ingawa nilikuwa nje ya bomba lake na najua hakuniona.

"Mwanangu, mimi nilikuwa narina asali au navua sato? Korongo wa msituni ana pembe. Mkubwa kama ng'ombe. Uso mweusi, una mabaka meupe, masikio marefu kama ya punda."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Fundi wa vitabu," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu yupo hapa ndani, anaongea, anakunywa chai, wewe unamuuliza kamusi."

Nilirudi kwenye kamusi nikafungua ukurasa uliofuata. Alikuwepo, juu kabisa, mnyama wa porini mwenye pembe. Chini yake kulikuwa na korongo la tatu, lile linalochimbwa na maji ya mvua.

"Acha hivyo hivyo," baba alisema. "Inatosha."

Sikuacha. Nilifumua ndege kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kwa upande wa nyuma ili nisikate kitambaa. Tabaka tatu nilizokuwa najivunia zilinichukua siku kumi na moja. Hakuna dawa ya matundu ya sindano. Nilipiga pasi yenye mvuke, nikalowanisha, nikakwangua kwa kucha, yakabaki. Basi nikamweka mnyama kando yake kidogo, kutoka kwenye picha niliyoipata kwenye simu, baada ya kumsomea baba maelezo yake mara mbili na yeye kukubali kila neno. Pembe nilizipinda kurudi nyuma. Mabaka niliyaweka mahali pake. Ni kazi sahihi. Sijawahi kufanya kazi sahihi kuliko ile.

Nilipomkabidhi alikwenda tena dirishani. Alikisogeza kitambaa kulia, akakisogeza kushoto, akakirudisha. Halafu akakishusha magotini. Mke wangu aliacha kuosha vyombo.

Akaanza kupapasa kwa vidole. Nilimshika mkono nikampeleka. "Pembe hizi, baba. Hapa ndipo shingo inapoanza."

"Ehe," alisema, kama anavyomjibu mtu anayemweleza njia ya mahali asikokwenda. Kidole chake kikateleza kutoka kwa mnyama, kikafika pale kando, kikasimama.

"Hapa kumeliwa na panya?"

"Hapana, baba. Hapo alikuwepo yule ndege."

Alibaki akipita juu ya matundu, kwenye miguu, kwenye shingo, mpaka mdomoni. Alifuata umbo lote bila kukosea.

"Basi huyu ndiye niliyemwona hapa dirishani," alisema. "Huyo mwingine unanisimulia tu."

Alikunja kitambaa mara nne, akanirudishia, akauliza kama chai imebaki.